Brazili na gari za ethanoli: zilivyopendwa, zikakimbiwa, zikarudi kwa mlango mwingine

Siku hizi ukigusa tu mada ya gari safi kila mtu anakimbilia betri, mara Tesla mara BYD, na sina ugomvi na hilo, ila kuna kisa kimoja naona hakipewi nafasi yake kabisa na ukikielewa vizuri utajua kwa nini watu kibao wanaipenda gari ya umeme lakini mkono unakuwa mzito kutoa hela. Ni kisa cha Brazili. Nchi nzima ilihama petroli ikaenda kwenye ethanoli, yaani pombe ya miwa inayochomwa kwenye injini kama mafuta, ndani ya miaka michache, ikarudi petroli kwa kasi ileile, halafu ikahama tena lakini safari hii kwa namna tofauti kabisa. Viwanda ni vilevile, Fiat, Volkswagen, GM na Ford, miwa ni ileile, pampu zilezile. Kilichobadilika ni nani anakula hasara mambo yakiharibika, na hapo ndo nitakaa zaidi.

Mwaka 1973 Brazili ilikuwa inaagiza nje karibu 80% ya mafuta yake, na mwaka huohuo pipa likatoka kama dola 3 likafika karibu dola 12 ndani ya miezi michache. Serikali ilikuwa ya kijeshi na sifa yake yote ilisimama kwenye uchumi kukua haraka, sasa bili ya mafuta ikawa imewakaba koo. Pembeni kulikuwa na wenye viwanda vya sukari, watu wazito wenye sauti serikalini, ambao bei ya sukari duniani iliwapaisha 1974 halafu ikawaangusha 1975, wakabaki na miwa kibao na soko hamna. Kutanisha shida hizo mbili unapata Proálcool, mpango ambao rais Ernesto Geisel aliusaini tarehe 14 Novemba 1975. Kuna watu wanausimulia kama mpango wa mazingira, jamani hapana, hewa ukaa haikuwa kwenye hesabu za mtu pale, ilikuwa dola na sukari basi.

Awamu ya kwanza haikumuumiza kichwa mtu. Unachukua ethanoli iliyokaushwa maji unaichanganya kwenye petroli, injini ya kawaida inavumilia, mwenye gari hata hajui. Kazi ilikuwa kutengeneza gari inayokunywa ethanoli peke yake, na hapo wenye viwanda vya magari walivuta miguu muda mrefu tu. Injini zenyewe zilifanyiwa kazi kwenye kituo cha utafiti wa anga cha serikali pale São José dos Campos, chini ya profesa mmoja anaitwa Urbano Ernesto Stumpf, na mwaka 1976 gari tatu, Dodge 1800, Fusca ya Volkswagen na Xavante ya Gurgel, zikazungushwa nchini maelfu ya kilomita ili watu waone kwa macho yao kwamba zinatembea. Viwanda vikaangalia, vikapiga makofi, vikarudi kwenye petroli. Mpaka 1979 Iran ilipochafuka na bei ya mafuta ikaruka mara ya pili ndo wakakaa mezani na serikali kwa dhati, na Julai mwaka huo Fiat wakatoa 147 ya ethanoli kutoka kiwanda chao cha Betim, gari ya kwanza ya aina hiyo kutoka kiwandani kwa ajili ya mteja wa kawaida. Wabrazili wakaibatiza Cachacinha, jina la utani kutoka kwenye pombe yao ya miwa, manake ukisimama nyuma yake harufu ya moshi ni kama mtu katoka kunywa.

Sasa twende kwenye injini kidogo maana hapa kuna utamu. Ethanoli ya pampuni kule ina maji kama 5% ndani yake. Lita moja ina nguvu kama theluthi mbili tu ya lita ya petroli, kwa hiyo lazima utakunywa lita nyingi zaidi kwa safari ileile, hilo halina ujanja. Ila ina sifa moja nzuri sana, haigongi kirahisi, yaani hailipuki yenyewe kabla ya wakati ikibanwa (ndo watu wanasema oktani yake iko juu), basi mafundi wakapandisha kompresheni, kile kiasi ambacho injini inabana hewa na mafuta kabla ya kuwasha. Injini za petroli za kule wakati ule zilikuwa na kompresheni ya 7 au 8 kwa 1 kwa sababu petroli yenyewe ilikuwa duni, za ethanoli zikasukumwa mpaka karibu 12 kwa 1, na pale ukaokoa sehemu ya ile nguvu iliyopotea. Kwa hiyo gari ilikula zaidi lakini ilivuta vizuri, wapo waliozipenda kwa hilo tu.

Tatizo likawa kutu. Ethanoli yenye maji inakula vyuma ambavyo petroli ilikuwa inavibembeleza tu: kabureta za aloi ya zinki zikaanza kuota unga mweupe ndani, tenki zikaoza, pampu za mafuta zikafa mapema, mipira ikalainika. Mtu kanunua gari mpya kabisa na baada ya muda mfupi kabureta ni ya kutupa. Ikabidi kabureta zipakwe nikeli ndani, tenki zipakwe bati, mipira ibadilishwe, na hayo yote yalifanyika wateja wakiwa tayari barabarani, yaani wale wa 1979 mpaka 1981 ndo walikuwa maabara yenyewe.

Na asubuhi ya baridi usiseme. Ethanoli ikiwa chini ya nyuzi kama 15 haitoi mvuke wa kutosha kushika moto, kwa hiyo chini ya boneti wakaweka kitenki kidogo cha petroli na kwenye dashibodi kukawa na kitufe. Sasa jichukulie uko São Paulo au zaidi kusini huko Curitiba mwezi wa saba, unavuta choki, unabonyeza kitufe petroli kidogo inarushwa kwenye kabureta, unapiga stata, inakohoa, unabonyeza tena, na ukizidisha unaloanisha plagi unakaa pale unasubiri zikauke wakati majirani wote wameshaondoka. Na kile kitenki ukikisahau kikakauka au petroli ikakaa humo miezi ikageuka gundi, siku ya baridi ndo utajua.

Kwa mambo hayo mauzo yalishuka vibaya mwaka 1981, na ungeweza kusema basi, biashara imekufa. Serikali ikaamua kupambana. Bei ya ethanoli ikabanwa ibaki chini sana ya bei ya petroli, kodi ya gari za ethanoli ikapunguzwa, madereva taksi wakapewa msamaha wa kodi, viwanda vikarekebisha ile kutu. Kufika katikati ya miaka ya 1980 zaidi ya 90% ya gari ndogo mpya zilizouzwa Brazili zilikuwa za ethanoli tupu. Soma tena hiyo namba kisha uilinganishe na nchi yoyote unayoisikia inasifiwa kwa gari za umeme leo, Norway peke yake ndo unaweza kuiweka meza moja na Brazili ile.

Lakini angalia mteja alichokuwa amekisaini, hata kama hakukiona kwenye karatasi. Gari yake ilikuwa imefunga ndoa na mafuta ya aina moja. Kompresheni ya 12 kwa 1 ukiiwekea petroli ya kawaida inagonga mpaka unaua pistoni, kwa hiyo kurudi nyuma hakuna. Dizeli kwa gari ndogo ilikuwa imepigwa marufuku kule tangu 1976, hiyo njia nayo imefungwa. Ili gari yake iendelee kuwa na maana ilibidi watu watatu wasiofahamiana naye watimize ahadi kila siku kwa miaka kumi na zaidi: serikali iendelee kubana bei, mwenye kiwanda cha miwa aendelee kukamua ethanoli badala ya sukari, na kampuni ya mafuta ya serikali, Petrobras, iendelee kuinunua na kuisambaza hata kama inapata hasara. Yeye mwenyewe hana usemi kwenye lolote.

Mwaka 1986 ahadi zikaanza kulegea zote kwa pamoja. Bei ya mafuta duniani ikaanguka mpaka chini ya dola 15 kwa pipa, na Petrobras walikuwa wameshapata mafuta yao wenyewe baharini kwenye bonde la Campos, kwa hiyo ule woga wa 1973 ukapoa. Jeshi lilikuwa limeshaachia madaraka, nchi inapigana na mfumuko wa bei wa kutisha, na dawa ya serikali ikawa kugandisha bei, pamoja na ile anayolipwa mzalishaji wa ethanoli. Wenye viwanda wakaona wanazalisha kwa hasara, halafu bei ya sukari nje ikaanza kupanda. Mtu mwenye kiwanda kinachoweza kutoa vyote viwili atafanya nini? Alifanya hichohicho. Uzalishaji wa ethanoli ukagota pale kwenye lita bilioni 11 au 12 kwa mwaka, hauendi mbele, na wakati huo viwanda vya magari vinaendelea kumwaga gari mpya za ethanoli barabarani kila mwezi kwa sababu kodi yake bado ni ndogo na mteja bado anazitaka. Hesabu ya darasa la tatu ilitosha kuona inaenda wapi, na sioni kama hakuna aliyeona, nadhani kila mmoja alijua ila hakuna aliyeona ni kazi yake kusema.

Mwisho wa 1989 na kuingia 1990 pampu zikakauka. Foleni vituoni, watu wanazunguka na gari nzuri tu isiyo na shida yoyote ya kiufundi wakitafuta cha kuitia. Serikali ikabidi iagize ethanoli kutoka nje, nchi ya miwa hiyo, na haikutosha, ikaagiza na methanoli, pombe ya aina nyingine, wakachanganya ethanoli 60%, methanoli 33% na petroli 7% wakauza hiyo. Methanoli ni sumu, kwa ngozi na kwa pumzi, kwa hiyo watu wa pampuni wakawa wanalalamika afya zao. Mpango ulioanzishwa ili nchi isitegemee mafuta ya kuagiza ukaishia kuagiza mafuta mbadala ya mafuta mbadala!

Mteja hakusubiri maelezo. Gari za ethanoli zikashuka mpaka kama 12% ya mauzo mapya mwaka 1990, na kufika mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 ziko chini ya 1%. Bei ya mtumba ikaporomoka, aliyetaka kuuza hapati wa kumuuzia. Serikali mpya ya rais Collor ikaifuta taasisi ya serikali iliyokuwa inasimamia sukari na ethanoli mwaka huohuo wa 1990, na punguzo la kodi likahamia kwenye gari ndogo za injini chini ya lita 1, Fiat wakawahi na Uno Mille, ya petroli bila shaka.

Hapa ndo naomba watu wa magari wanisikilize. Wakati soko linakufa injini ilikuwa imeshapona. Kutu ilishatatuliwa miaka kadhaa nyuma, kuwaka asubuhi kulikuwa bora kuliko mwanzo, mafundi wa mtaani walizijua gari zile kama kiganja. Ukiangalia kwa macho ya injinia, gari ya 1981 ndo ilistahili kukataliwa na ya 1989 ilistahili kununuliwa, na kilichotokea ni kinyume chake kwa kiasi kikubwa. Mteja alisamehe kabureta iliyooza. Hakusamehe kuachwa kwenye foleni na gari isiyo na plani B.

Kitu ambacho hakikufa ni vile vidude visivyopigiwa kelele. Petroli ya Brazili iliendelea kuchanganywa ethanoli, sheria ya 1993 ikaweka 22%, na kwa vile ethanoli inapandisha oktani, ile risasi (madini ya sumu) iliyokuwa inatiwa kwenye petroli kwa kazi hiyohiyo ikatolewa mapema kuliko nchi nyingi tajiri. Gari zaidi ya milioni 4 za ethanoli zilikuwa zimeshauzwa na nyingi bado zinatembea, kwa hiyo vituo vikabakiza pampu ya ethanoli. Yaani mtandao wa kujazia ulibaki umekaa pale miaka kumi na kitu unasubiri gari.

Wamarekani nao walikuwa wanacheza na gari zinazopokea petroli na pombe kwa pamoja, njia yao ilikuwa kufunga sensa maalum kwenye bomba la mafuta inayopima kuna pombe kiasi gani humo. Inafanya kazi ila ni kifaa cha ziada na bei yake haikuchekesha. Bosch wa Campinas walianza na njia hiyo, wakawa na gari ya majaribio, Omega, mwaka 1994, kampuni za magari zikaiona na hakuna aliyeagiza, nani ataongeza gharama kwa ajili ya mafuta ambayo wateja wameyatukana? Baadaye wakagundua kitu ambacho ukikisikia unasema mbona ni rahisi hivi. Gari yenye sindano za kielektroniki, zile zinazorusha mafuta kwenye injini badala ya kabureta, tayari ina sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi. Petroli inataka kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1, ethanoli inataka kama 9 tu. Sasa mtu ana tenki lenye petroli kidogo, anaingia kituoni anajaza ethanoli, anaondoka. Ethanoli ikifika kwenye sindano, kiasi kilekile cha mafuta kinakuwa hakitoshi kwa ile hewa, oksijeni inabaki nyingi kwenye moshi, sensa inaona, kompyuta inafungua sindano muda mrefu zaidi, inasogeza na muda wa cheche, na ndani ya kilomita chache imeshajua kwenye tenki kuna mchanganyiko gani. Hakuna kifaa kipya, ni programu tu. Magneti Marelli ndo waliiwahisha sokoni na kwa vile petroli ya Brazili tayari ilikuwa na zaidi ya 20% ya ethanoli, bomba na pampu zilishazoea, kazi kubwa ilikuwa imefanywa bila mtu kuipangia.

Ila programu peke yake isingetosha. Mwaka 2002 serikali ikakubali gari za aina hii, zinaitwa flex, zilipe kodi ile ndogo ya gari za ethanoli, na Machi 2003 Volkswagen wakatoa Gol 1.6 Total Flex, GM wakafuata na Corsa mwaka huohuo. 2003 ziliuzwa kama 48,000. Mwaka uliofuata zaidi ya 320,000. Mwaka 2005 zaidi ya 800,000. Kufika mwisho wa muongo karibu gari 9 kati ya 10 ndogo mpya ni flex, na Machi 2010 wakasherehekea ya milioni 10. Serikali haikubana tena bei ya ethanoli, haikumhakikishia mtu chochote. Mteja mwenyewe anasimama pampuni, anagawa bei ya ethanoli kwa bei ya petroli, ikitoka chini ya 70% anajaza ethanoli, ikizidi anajaza petroli, kwa sababu ya ile nguvu yake ndogo kwa lita. Yule mwenye kiwanda cha miwa akikimbilia sukari, shauri yake, dereva anahama pampu na hiyo hasara inamrudia mwenye kiwanda.

Mainjinia wengi hawaipendi flex na nawaelewa. Kompresheni imewekwa katikati, haijanyonya utamu wote wa ethanoli na petroli nayo haijapata kilicho bora, ni injini iliyokubali kuwa ya wastani kwa vyote viwili. Ukiziweka kwenye meza ya maabara, ile ya ethanoli tupu ya kompresheni kubwa inashinda kwa mafuta yake. Sokoni ikashinda ya wastani kwa sababu ilikuwa inauza kitu ambacho maabara haikipimi.

Usafi wake nao tusiuongelee kwa kelele sana. Miwa inanyonya hewa ukaa ikikua, na makapi yake yanachomwa kutoa mvuke na umeme wa kiwanda kizima, ndo maana ethanoli ya miwa inaishinda kwa mbali ile ya mahindi ya Marekani. Lakini kila lita moja ya ethanoli inaacha lita kama 10 au zaidi za maji machafu yanayoitwa vinyasi, zamani yalimwagwa mitoni na samaki wakafa, baadaye ndo wakajifunza kuyarudisha shambani kama mbolea. Mashamba yalichomwa moto kabla ya kuvuna kwa mkono, masizi yakawa yanaangukia miji, São Paulo wakaweka sheria 2002 ya kuacha hilo taratibu na mashine zikachukua kazi, pamoja na kazi za maelfu ya wakata miwa. Na flex ina tobo moja kubwa: mwenyewe akiamua kujaza petroli mwaka mzima hakuna wa kumkataza. Ilitokea hasa kuanzia 2011, mavuno yalikuwa mabaya, serikali ikawa inaishikilia bei ya petroli isipande, ile hesabu ya 70% ikawa inatoka vibaya kwenye majimbo mengi, na mamilioni ya gari zinazoitwa za mafuta safi zikawa zinachoma petroli kimyakimya.

Ndo maana nikiona kampuni inazindua gari ya umeme naruka kurasa za nguvu za mota na sekunde za kufika 100. Natafuta dhamana ya betri ni miaka mingapi na inaahidi itabaki na asilimia ngapi ya uwezo wake, natafuta kama plagi yake inaingia kwenye chaja za wengine au amejifungia na mtandao wa kampuni moja, natafuta bei yake ya mtumba baada ya miaka mitatu. Mwenye gari ya umeme ana nafuu moja ambayo yule wa Fiat 147 hakuwa nayo, umeme unaweza kutoka kwenye maji, upepo, gesi au paa la nyumba yake, hakuna mwenye shamba mmoja wa kumkatia. Ila betri ni ya mtengenezaji mmoja na programu ni ya mtengenezaji huyohuyo, na hiyo ni ndoa pia.

Kule Brazili kwenyewe Toyota walitoa Corolla ya haibridi, yaani injini pamoja na mota ya umeme, yenye injini ya flex mwaka 2019, ya kwanza duniani, na BYD waliochukua kiwanda cha zamani cha Ford pale Camaçari wanatengeneza haibridi ya kuchomeka kwenye umeme kuchaji betri, nayo inakunywa ethanoli. Wanaharakati wa umeme wanasema huo ni ujanja wa kuchelewesha betri, na kwa baadhi ya kampuni nadhani wana haki kabisa. Ila mnunuzi wa kule ana kumbukumbu ya 1989, yake au ya baba yake, na kampuni inayotaka ahamie kwenye mafuta ya aina moja tena italazimika kumwonyesha kwanza nani analipa pampu ikikauka.